BAHARI SI MALI YA WATU WA PWANI PEKE YAO



Nataka kutoa maoni yangu juu ya jambo ambalo bwenini hulicheka na nyumbani huogopwa. Wakati huu sisi wa kidato cha nne twajaza fomu za kuchagua tahasusi na vyuo. Ukiandika ualimu, kilimo au uganga, wazazi hufurahi. Lakini ukiandika Chuo cha Bahari Dar es Salaam, utaulizwa kama una akili timamu. Mwenzetu mmoja aliyefanya hivyo amekwisha pewa jina la “Nahodha wa Loleza”, na baba yake amempelekea habari kwamba kazi ya majini ni ya watu wa pwani.

Mimi nasema kijana huyo ana haki.

Kwanza, bahari haiulizi mtu alizaliwa wapi. Bibi Kirsten Neuschäfer alizaliwa Pretoria, Afrika ya Kusini, mji wa bara ulio mbali na maji ya chumvi kama Iringa ilivyo. Tarehe 4 Septemba 2022 alitweka tanga katika bandari ya Les Sables-d'Olonne, Ufaransa, akiwa peke yake katika mashua iitwayo Minnehaha, ya urefu wa meta 11 hivi, ashindane na wenziwe kuizunguka dunia bila kupumzika bandarini. Mashindano hayo, yaitwayo Golden Globe, hayaruhusu mtu kuongozwa na setilaiti. Baharia hupima kimo cha jua na nyota kwa chombo cha mkononi, kisha akapiga hesabu kwa kalamu na karatasi. Mwezi Novemba, katika Bahari ya Hindi, mashua ya mshindani mwenziwe, Bwana Tapio Lehtinen wa Finland, ilizama. Bibi huyu akageuza njia, akasafiri usiku kucha, akamkuta katika chelezo cha kujiokoa, akampandisha kwake, kisha akamkabidhi kwa meli ya mizigo, akaendelea na safari. Alirudi Ufaransa tarehe 27 Aprili 2023, baada ya siku 235, naye ndiye aliyeshinda. Hapana mwanamke aliyepata kushinda mashindano hayo kabla yake.

Na hesabu hizo ni zipi? Ni zile zile za Dunia kama Tufe tulizosoma kidato cha tatu, ambazo nusu ya darasa waliuliza zina faida gani kwa watu wanaoishi juu ya milima. Maili moja ya bahari ni dakika moja ya latitudo. Mashua iendayo maili 5 za bahari kwa saa, ikielekea kusini moja kwa moja, kwa usiku na mchana itakwenda maili 120, yaani nyuzi 2 kamili. Mwanafunzi wa Mbeya aliyeielewa mada hiyo amekwisha anza kazi ya unahodha, ijapokuwa hajaona wimbi.

Watu wetu wa pwani nao hawakuzaliwa wakijua. Mwaka 1840 merikebu Sultana ya Sayyid Said ilitoka Unguja, ikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, na tarehe 30 Aprili ikafika New York chini ya Ahmad bin Naaman, imepakia tende, karafuu, pembe na ngozi. Hiyo ilikuwa na mabaharia wengi. Lakini mwaka 2009 Mohsin Al Busaidi wa Oman, pamoja na wenziwe wanne tu, waliondoka Muskati wakaizunguka dunia kwa siku 76 bila kutua, katika chombo cha matanga chenye matumbo matatu, mithili ya ngalawa na mbao zake za ubavuni.

Watu watano! Hapo ndipo ninapotaka wenzangu wafikiri. Chombo kiendacho usiku na mchana lazima kiwe na mtu macho saa zote, kwa hiyo hushika zamu: wengine juu penye usukani, wengine wamelala, na aliyelala huamshwa kukiwa na baridi na giza. Maji ya kunywa hupimwa. Tanga likipasuka hushonwa na hao hao, na mpishi ndiye huyo huyo aliyekuwa juu alfajiri. Katika bweni letu la watu arobaini, mvivu aweza kujificha siku ya zamu ya usafi, na wote twawajua kwa majina. Katika mashua ya watu watano atajificha wapi?

Nawaelewa wazazi wanaoogopa. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, na MV Nyerere tarehe 20 Septemba 2018, ambapo walikufa watu zaidi ya 220. Hakuna asiyesikitika. Walakini MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara, si mbali na nchi kavu, nayo ilikuwa imebeba watu kupita kiasi chake. Ajali ya namna hiyo huzuiwa na watu waliosomea vyombo vya majini, wenye uwezo wa kusema “hapana” gatini. Tukiwakataza watoto wetu elimu hiyo, nani atasema? Na mbao za Mufindi hushuka Dar es Salaam kila siku bila mtu kuziambia kwamba pwani si kwao.

Naomba pia walimu wetu watupeleke Matema, kando ya Ziwa Nyasa, tukaone wavuvi wanavyosoma upepo, na wasiojua kuogelea wafundishwe karibu na ufuko. Isiwe kati ya Juni na Agosti, maana ndipo uvumapo mwera, upepo wa kusi-mashariki uchafuao ziwa. Oktoba ingefaa, lakini ni karibu mno na mtihani wetu. Basi waende wa kidato cha tatu, wachukue na daftari zao za Hisabati.