Ukahaba: Nani wa Kulaumiwa?

Ndugu msomaji, Jumapili hii tulitazame jambo ambalo wengi wetu hulinong'ona tu, ilhali linagusa nyumba zetu. Likitajwa neno ukahaba, vidole vyote humwelekea mwanamke asimamaye gizani kando ya barabara. Lakini mkono mmoja haupigi makofi. Kila auzaye yupo anunuaye, na mara nyingi yupo wa tatu, akaaye kivulini akihesabu fedha.

Tuanze na sheria. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, katika kifungu cha 176, humtia hatiani anayezurura hadharani kwa nia hiyo. Lakini vifungu vya 145, 146 na 148 humlenga kuwadi aishiye kwa mapato ya mwingine, pamoja na mwenye danguro. Tangu mwaka 1998, ilipotungwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, mtu mzima amwingiliaye msichana asiye mkewe na ambaye hajatimiza miaka 18 amebaka, na adhabu yake haipungui miaka 30 jela. Hakuna kujitetea kwamba binti alikubali au alilipwa. Naye amtoaye binti kijijini kwa ahadi ya kazi ya nyumbani kisha akamtia danguroni, amevunja sheria ya mwaka 2008 ihusuyo usafirishaji haramu wa binadamu.

Upande wa afya, maradhi hayachagui muuzaji wala mnunuzi. Kisonono chaweza kukaa mwilini mwa mwanamke bila dalili, hatimaye kikamnyima uzazi. Kaswende ya mama mjamzito huweza kumuua mtoto tumboni. UKIMWI, uliogunduliwa nchini mwetu mwaka 1983 mkoani Kagera, umeingia katika nyumba nyingi ukiletwa na baba mwenyewe. Leo dawa zipo, na aliyebakwa anaweza kukingwa na virusi iwapo atafika hospitali kabla ya saa 72 kupita. Lakini je, mwanamke ajuaye kuwa atatukanwa mapokezini na kukamatwa kituoni atakwenda? Hufa na siri yake, na maradhi huendelea kusambaa.

Hapo ndipo maadili yetu yanapopimwa. Mwanamume anunuaye usiku, asubuhi akawa wa kwanza kulaani, anamhukumu nani? Na jirani aonaye watoto wakiingizwa katika nyumba yenye sifa mbaya, akanyamaza, amehifadhi heshima ya nani?

Mzazi mwenzangu, kabla hujampandisha binti yako basi kwenda mjini, uliza jina la mwajiri, mtaa na mshahara, ukahakikishe kwa mjumbe wa huko. Ukiona mtoto ananyanyaswa, piga simu namba 116, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Ukahaba hauanzii barabarani. Huanzia pale tunapomwacha binti aondoke bila kuuliza aendako.