Usonji si jini, wala si aibu ya mamake



Mtoto ana miaka minne, hasemi. Ukimwita hageuki. Bodaboda ikipita anaziba masikio na kulia. Mtaa ushatoa hukumu: "Huyo ana jini!" Apelekwe kwa mganga, pesa ziliwe, mwaka upite. Mwisho afungiwe ndani, wageni wasimuone.

Haya si ya nyumba moja. Utafiti wa Kilifi na Mombasa uliochapishwa 2015 ulikuta watu wakitaja mapepo, uchawi na laana kuwa chanzo cha usonji.

Jamani, usonji ni ubongo kukua kwa namna tofauti. Hauambukizi, hautokani na malezi mabaya, na haupungwi. Mtoto akisaidiwa mapema kuwasiliana, hata kwa picha na ishara, hujifunza.

Sisi tunapiga kelele za haki kila siku. Na yeye je? Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa heshima, shule, na haki ya kutoitwa kwa dharau. Ukimwita "zuzu" pale barazani, anayemvunjia haki si serikali, ni wewe.

Mtume (s.a.w.) aliteremshiwa Sura 'Abasa kwa kumkunjia uso kipofu. Sisi ni nani?

Leo mpitie mamake, umuulize akusaidiwe nini. Fuatana naye hadi kituo cha serikali cha tathmini, EARC. Na madrasa zetu zimfungulie mlango. Kumficha si kumsitiri, ni kumdhulumu.