Mtihani wa uwakili: hofu ya kuanza kusoma inatoka wapi?

Wiki hii kwenye kipindi chetu cha asubuhi tulisoma ujumbe wa mzee mmoja mkulima. Binti yake ana shahada ya sheria na anajiandaa kwenda kusomea uwakili Dar es Salaam. "Kila akishika kitabu, dakika kumi nyingi, anakifunga na kulia," aliandika. "Tumeshauza ng'ombe wawili. Nimwambie nini?"

Simu zilizofuata zilikuwa nyingi, wengine wakisema ni uvivu tu. Tumeona tulieleze jambo hili hapa kwa maandishi.

Kwa nini shahada haitoshi?

Tanzania Bara, mwenye shahada ya sheria hawi wakili moja kwa moja. Lazima kwanza apite Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo wengi tunaiita Law School. Ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2007. Akifaulu huko ndipo anaweza kuomba kuapishwa na Jaji Mkuu.

Hofu ilianza lini?

Vijana wengi wanakumbuka Oktoba 2022. Matokeo yalionyesha kwamba kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Waliotakiwa kurudia baadhi ya masomo walikuwa 342, na 265 walifeli kabisa. Kwa hesabu rahisi, katika kila wanafunzi 100 walipita wanne hivi. Nchi nzima ilizungumza, na Serikali ikaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza.

Lawama zilielekezwa kila upande: vyuo vikuu, taasisi yenyewe, wanafunzi, na Kiingereza. Hili la lugha lina uzito wake. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na mahakama. Lakini darasani sheria bado inafundishwa kwa Kiingereza. Kijana anabeba mizigo miwili kwa mpigo.

Wenzetu wanafanyaje?

Wengine wanachuja mlangoni. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kina mtihani wa kuingilia kwa wanaotaka kusoma sheria. Marekani, waombaji wengi hufanya mtihani uitwao LSAT, wenye alama kati ya 120 na 180. Hauulizi sheria hata moja. Unapima kusoma kwa makini na kupima hoja, kila sehemu kwa dakika 35. Huko nako vijana wanashikwa na hofu ileile siku ya kwanza.

Faida ya kuchuja mlangoni ni kwamba mtu anajua mapema, kabla ng'ombe hawajauzwa. Hasara yake ni kwamba aliyesoma shule isiyo na vitabu anaweza kuzuiwa kabla hajapewa nafasi. Kwetu uchungu unakuja mwishoni, pesa zikiwa zimeshatumika.

Tumwambie nini binti?

Mzee, huyo si mvivu. Anautazama mlima mzima kwa mara moja. Hata shamba la ekari tano hulimwa tuta kwa tuta. Achague somo moja na mada moja, na aweke muda mfupi anaoweza kuumaliza. Atafute maswali ya mitihani iliyopita na ajibu kwa kuandika, maana kusoma tu kunadanganya. Asome na wenzake wawili watatu. Kwa simu yake anaweza kusoma hukumu za mahakama bure kwenye tovuti ya TanzLII.

Nasi wa nyumbani tupunguze kuuliza "unaapishwa lini?" Tumuulize leo amesoma nini, atueleze kwa Kiswahili. Akiweza kumweleza mama yake jikoni akaelewa, basi naye ameelewa.

Kwa nini jambo hili linatuhusu?

Kwa sababu migogoro ya ardhi iko huku vijijini, na mawakili wengi wako mijini. Wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa kwa sheria ya mwaka 2017, wanatusaidia sana, lakini hawaruhusiwi kusimama mahakamani kama mawakili. Kila kijana wa kijijini anayekata tamaa mwanzoni ni wakili mmoja ambaye angeweza kurudi kwetu.

Mzee, mwambie binti afungue kitabu tena kesho. Ukurasa mmoja unatosha kuanzia.