Soma Hadi Mstari wa Mwisho



Wavuvi wa dagaa wa Mwanza na Ukerewe huingia ziwani usiku wa giza. Huwasha taa, na dagaa huufuata mwanga. Jua likichomoza kazi imekwisha. Nyavu huoshwa, watu wakalala.

Sasa fungua Luka 5:1-11. Simoni amekesha bila kupata kitu na nyavu ameshaziosha. Ndipo Yesu, seremala wa Nazareti, anamwambia arudi kilindini mchana kweupe. Mvuvi wa Ukerewe anaujua uzito wa agizo hilo kuliko msomi wa mjini. Simoni naye alijua, lakini alishusha nyavu kwa sababu aliyesema ni Bwana. Hiyo ndiyo imani: alitii kwanza, akaelewa baadaye.

Wengi wetu husoma habari hii hadi samaki wanapojaa, tukafunga kitabu. Kisha tunaambiana kwamba ukiamini na kutoa sadaka nono, mtumbwi wako nao utajaa. Mjane anatoa ada ya mtoto. Mgonjwa anaacha dawa kwa ajili ya mstari mmoja aliousikia. Mambo yakiharibika, anaambiwa imani yake ilikuwa ndogo.

Lakini Luka hakuishia kwenye samaki. Simoni alianguka magotini akakiri dhambi zake. Kisha yeye na wenzake wakaacha vyote, pamoja na ule mzigo mkubwa wa samaki, wakamfuata Yesu. Anayeahidi utajiri kwa mistari hii amekomea katikati.

Tutajilindaje? Katika Matendo 8, mtu mkubwa wa Ethiopia anasoma Isaya garini mwake na kukiri kwamba hawezi kuelewa bila mtu wa kumwongoza. Roho Mtakatifu angeweza kumfunulia peke yake. Badala yake alimtuma Filipo, akaketi karibu naye, wakaanzia pale pale alipokwama.

Ng'ambo ya ziwa letu, Wakristo wa kwanza wa Buganda waliitwa Abasomi, yaani wasomaji. Mmisionari Alexander Mackay aliwafundisha na kuwachapia Maandiko kwa Kiganda. Alipoondoka huko alikuja Usambiro, kusini mwa ziwa, akaendelea kutafsiri hadi alipofariki Februari 1890. Imani ilifika kwenye mwambao huu kupitia watu waliokaa pamoja na kitabu.

Basi wiki hii, jumuiya yako ikutanapo, someni Luka 5:1-11 yote kwa sauti. Ombeni kwanza. Kisha ulizaneni: Bwana anaagiza nini hapa, na mimi nitaacha nini ili nimtii? Na yeyote akikuletea mstari mmoja akidai fedha yako au dawa zako, mwombe kwa upole msome pamoja sura nzima.

Jumapili njema.