Safari ya Kongamano Huanzia Nyumbani

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kusoma makala katika kongamano la Kiswahili nchini Ujerumani. Makala yalikuwa tayari, suti imepigwa pasi na jamaa wamekwisha kuniaga. Siku ndege ilipopaa, mimi nilikuwa ningali Nairobi, mkononi nikiwa na barua fupi ya kunyimwa viza. Wala sikuwa na wa kumlaumu. Bima yangu ya usafiri iliishia siku moja kabla ya tarehe ya kurejea, na kwa kuwa nilipeleka maombi dakika za mwisho, sikupata wasaa wa kurekebisha kosa hilo.

Naisimulia aibu hii kwa walimu wenzangu na wanafunzi wao kwa sababu jambo lenyewe si langu peke yangu. Tangu miaka ya 1980, wataalamu wa Kiswahili wamekuwa wakikutana katika Chuo Kikuu cha Bayreuth, jimbo la Bavaria, kujadili fasihi, isimu na utamaduni wa lugha yetu. Mwalimu wa Kenya asipofika huko, mjadala hausimami kumngoja. Kiswahili kitajadiliwa vivyo hivyo, ila kitajadiliwa na wengine. Kiti kitupu hakina hoja.

Mwanzo wa ngoma ni lele, na lele ya safari hii ni viza. Sheria za nchi za Schengen, Ujerumani ikiwamo, humruhusu msafiri kupeleka maombi miezi sita kabla ya safari, na zamtaka asichelewe kupita siku kumi na tano kabla yake. Anayesubiri hizo siku kumi na tano anacheza na bahati, kwani ingawa uamuzi kwa kawaida hutolewa katika muda huo, wakati mwingine huchukua hata siku 45. Fauka ya hayo, mwombaji aweza kungojea majuma mengi kabla ya kupata miadi ya kupeleka karatasi zake. Ushauri wangu ni kuanza angalau miezi mitatu mapema.

Pasipoti sharti iwe imetolewa katika miaka kumi iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na iendelee kutumika miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka huko. Bima ya matibabu isipungue yuro 30,000, nayo ifunike siku zote za safari, ya kwanza hadi ya mwisho. Ada ya maombi kwa mtu mzima, tangu Juni 2024, ni yuro 90, na hairudishwi hata ukinyimwa viza. Aidha, maombi hupelekwa kwa nchi ile utakayokaa kwa muda mrefu zaidi, wala si ile ambayo ndege yako itatua kwanza. Ongeza barua ya mwaliko, barua ya mwajiri na ithibati ya pesa za matumizi, kisha uhakikishe kwamba tarehe katika karatasi zote zinalingana.

Hapa pana neno kwa wenyeji wetu pia. Maelezo mengi wanayotuandikia wageni husifu hoteli na kutufundisha njia ya kutoka stesheni hadi ukumbini. Twashukuru. Hata hivyo, kwa mgeni atokaye Nairobi au Mombasa, maelezo ya stesheni hayana faida iwapo barua ya mwaliko itamfikia majuma matatu kabla ya kongamano. Barua hiyo na itangulie mambo mengine yote, nayo itaje bayana ni nani atakayelipia nauli, malazi na chakula.

Msafiri akishavuka kizingiti hicho, yaliyosalia ni mepesi. Atuaye Frankfurt huendelea kwa gari la moshi na kubadilisha Nürnberg kabla ya kufika Bayreuth. Azingatie kwamba tikiti za bei nafuu aghalabu hufungamana na treni moja tu. Akifika Jumapili asitarajie kununua mkate dukani, kwani maduka mengi hufungwa. Nyama na maziwa ya nyumbani haviruhusiwi kuingia Ulaya, hata viwe zawadi. Plagi zetu zenye pini tatu bapa haziingii katika soketi za huko, abebe adapta. Vilevile asisahau kurudisha saa yake nyuma: saa moja majira ya kiangazi, saa mbili majira ya baridi. Na aambiwapo kikao kinaanza saa tisa, asidhani ni saa tisa yetu ya alasiri. Hiyo ni saa tatu asubuhi, nao hawakawii.

Wakuu wa vyuo na shule nao wana wajibu. Mwalimu hawezi kulipia bima na viza kwa ahadi. Fedha zinazoidhinishwa juma la safari ni sawa na mvua inyeshayo baada ya mahindi kukauka. Ikiwa twasema kwamba twakienzi Kiswahili, basi ruhusa na nauli ya mwalimu aliyealikwa zitolewe pindi mwaliko unapofika.

Nanyi wanafunzi, ambao kesho ndio mtakaoalikwa, msingojee mwaliko ndipo mtafute pasipoti. Mimi nilijifunza kwamba makala mazuri yasiyo na viza hubaki kabatini. Yangu yangali humo hadi leo.