Nani Kawazaa Wote Hawa Tarehe Mosi Januari?

Leo nina ugomvi na watu wa kompyuta. Si wote. Ni wale wanaotengeneza fomu na hazina za data, halafu mtu akiwaambia "mwaka naujua, siku siijui", wanamjibu: weka tarehe mosi Januari, mambo yaishe. Jamani, mambo hayaishi. Ndiyo kwanza yanaanza.

Sisi waandishi wa habari tunaoandaa visanduku vya "leo katika historia" tunalijua tatizo hili. Siku nyingine unahangaika kupata majina matatu ya maana. Ikifika Januari mosi, majina yanamwagika. Utadhani usiku wa mwaka mpya wakunga wote duniani huwa hawalali! Ukichimba unakuta kwamba wengi wa watu hao hakuna ajuaye siku waliyozaliwa. Kompyuta ndiyo iliyowazalisha.

Nieleze kidogo kwa wasiofuatilia mambo haya. Mwaka 2001 Tim Berners-Lee, yule Mwingereza aliyebuni wavuti, aliandika pamoja na James Hendler na Ora Lassila katika jarida la Scientific American kuhusu kitu ambacho mimi nakiita wavuti wa maana. Kurasa za kawaida husomwa na binadamu, mashine inaona herufi tu. Katika wavuti wa maana kila taarifa huandikwa kama sentensi fupi ya sehemu tatu: Siti binti Saad, alifariki, 8 Julai 1950. Ile tarehe hubandikwa lebo inayoiambia mashine hiki ni kitu cha aina gani, isije ikadhani ni namba ya simu. Lebo hizo ndizo aina za data.

Hapo kwenye lebo ndipo penye ugomvi wangu. Siku aliyofariki Siti tunaijua. Je, alizaliwa lini? Alizaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880. Basi. Hakuna mwezi, hakuna siku, na hata huo mwaka ni wa kukadiria. Sasa anakuja mtaalamu na lebo yake ya tarehe kamili, xsd:date, ambayo inadai mwaka, mwezi na siku. Anaandika 1880-01-01. Mashine nayo haina aibu, inapiga hesabu: Siti binti Saad aliishi miaka 70, miezi 6 na siku 7. Siku saba! Nani alizihesabu? Ukadirio wa wazee wa Unguja umegeuzwa kuwa hesabu ya saa ya Uswisi.

Wanajitetea kwamba kompyuta haikubali tarehe nusu. Huo si ukweli. Tangu 2001, shirika la W3C linaloweka kanuni za wavuti lilipotoa orodha yake ya aina za data, ilikuwamo lebo ya mwaka mtupu, xsd:gYear, na ya mwaka na mwezi, xsd:gYearMonth. Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905 kule Umatumbi. Andika 1905-07, bandika lebo ya mwaka na mwezi, umemaliza, na hujamdanganya mtu. Ukiandika 1905-07-01 utamfanya mtoto wa shule akariri kwamba pamba ya kwanza iling'olewa tarehe mosi, na mwalimu atampa vema.

Na pale ambapo hata mwaka wenyewe una mashaka? Napo kuna dawa. Maktaba ya Bunge la Marekani ilisimamia utungaji wa namna ya kuandika tarehe zenye mashaka, inayojulikana kwa kifupi kama EDTF, na mwaka 2019 ikaingizwa katika kanuni ya kimataifa ya tarehe, ISO 8601, sehemu ya pili. Ukiandika 1880~ maana yake ni karibu 1880. Ukiandika 1880? maana yake huna hakika. Ukiandika 188X maana yake ni mwaka fulani kati ya 1880 na 1889. Alama moja tu! Mzee Jomo Kenyatta, ambaye vitabu havikubaliani alizaliwa mwaka gani, anaandikika vizuri tu kama mtu wa miaka ya 1890 mwenye alama ya mashaka. Tunajua alifariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978. Ya kwanza ni ya kukadiria, ya pili ni ya hakika, na data nzuri inapaswa kuonyesha tofauti hiyo.

Wakubwa nao hawajapona. Wikidata, hazina kubwa ya data huria iliyoanza 2012, huhifadhi kila tarehe pamoja na namba ya usahihi: 11 ni siku, 10 mwezi, 9 mwaka, 8 muongo, 7 karne. Hapo nawavulia kofia. Lakini data hiyo ikitolewa nje kwa njia ya mkato ambayo wengi huitumia, mwaka mtupu unatoka umevikwa Januari mosi, saa sita kamili usiku, na ile namba ya usahihi inabaki sehemu nyingine ambako mpaka uifuate. Wangapi wanaifuata? Wavivu ni wengi, na uongo unasafiri. Hazina moja inanakili kwa nyingine, ya pili inampa wa tatu, mwisho wake Januari mosi ina mashahidi kumi ambao wote walisikia kwa mtu mmoja.

Kuna jambo jingine linaloniudhi zaidi. Ile herufi "g" kwenye majina ya lebo hizo inasimama badala ya Gregori, yaani kalenda ya Kizungu. Je, kumbukumbu zetu za pwani zote zimeandikwa kwa kalenda hiyo? Utendi wa Tambuka una mwaka 1141 wa Hijria. Vitabu vingi hutafsiri haraka haraka kuwa 1728. Lakini mwaka 1141 Hijria ulianza Agosti 1728 ukaisha Julai 1729! Unaposema 1728 peke yake umetupa nusu ya mwaka baharini. Kilicho sahihi ni kuhifadhi 1141 kama ilivyoandikwa, ukitaja kalenda yake, kisha pembeni uweke mipaka: si kabla ya Agosti 1728, si baada ya Julai 1729. Ni maneno machache tu zaidi, lakini heshima ya mwandishi wa kale inabaki.

Najua mtakalosema. Mtasema mashine lazima ipange watu kwa umri, na kwamba SPARQL, lugha ya kuulizia data hizi, toleo la 2013, haina kanuni ya kulinganisha mwaka mtupu na tarehe kamili. Ni kweli, inasumbua. Lakini dawa ni hiyo hiyo ya mipaka. Weka taarifa kama ulivyoipata, kisha weka mpaka wa mapema kabisa na wa mwisho kabisa kwa ajili ya kupanga. Kwa mtu tunayejua amezaliwa 1958, mpaka wa kwanza ni 1 Januari 1958 na wa mwisho ni 31 Desemba 1958. Januari mosi ikiitwa mpaka ni ukweli. Ikiitwa siku ya kuzaliwa ni uongo. Namba ni ile ile, tofauti ni jina ulilolipa. Asiyejua maana haambiwi maana, lakini ninyi mnaojiita wajenzi wa wavuti wa maana mnapaswa kuijua!

Mwenye kudhani haya ni mabishano ya wasomi wasio na kazi, afikirie walio hai. Vijana wa Sudan waliotoka kambi ya Kakuma, Kenya, kwenda Marekani miaka ya 2000 na 2001, wengi walipewa siku moja ya kuzaliwa: Januari mosi. Na angalieni huu uongo unavyoegemea upande mmoja. Ukijua mwaka wa mtu halafu ukamwandikia Januari mosi, humfanyi kuwa mdogo hata siku moja. Kila mara unamzeesha. Mtoto aliyezaliwa Desemba anahesabiwa mtu mzima miezi 11 kabla ya wakati, na akifikishwa mahakamani miezi hiyo 11 ni kitu kikubwa sana. Hapa Tanzania mtumishi wa umma wa kawaida hustaafu kwa lazima akitimiza miaka 60. Mama aliyezaliwa Oktoba, ambaye karani aliona uvivu akamwandikia Januari mosi, anapoteza mishahara ya miezi tisa. Hiyo ni ada ya shule ya mjukuu, ni mabati ya nyumba. Nani atamlipa? Programu?

Bibi zetu walikuwa waaminifu kuliko hizi mashine. Ukimwuliza bibi alizaliwa lini anakwambia: mwaka wa njaa, mahindi yakiwa bado machanga. Anakupa anachokijua na hakuongezei asichokijua. Tarehe nusu si tarehe mbovu. Ni ukweli wote uliopo.

Kwa hiyo ninyi mnaotengeneza fomu, ondoeni ile nyota nyekundu ya lazima kwenye siku na mwezi. Ninyi mnaomwaga data kwenye wavuti, bandikeni lebo inayolingana na mnachokijua. Na sisi waandishi, tukikutana na Januari mosi tuulize kwanza kabla ya kuipigia makofi.

Naomba kutoa hoja.