Ilimponya Kima, Je, Mtu?

Mwaka 2014 jarida la Nature liliripoti kwamba kima 18 walioambukizwa Ebola walipewa dawa iitwayo ZMapp na wote wakapona, hata waliotibiwa siku ya tano. Ugonjwa ulipoingia Beni na Butembo, Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, mwaka 2018, ungeweza kuuliza kwa haki: dawa ipo, mnangoja nini? Badala ya kumgawia kila mtu, Profesa Jean-Jacques Muyembe wa INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na wenzake walianzisha Novemba ile jaribio la PALM. Wagonjwa wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina walipewa kwa kura dawa moja kati ya nne.

Agosti 2019 jibu likapatikana. Waliopewa ZMapp, karibu nusu walifariki. Remdesivir, iliyowalinda kima vilevile, ilipoteza asilimia 53 ya wagonjwa. Kwa mAb114, iliyotokana na damu ya mtu aliyenusurika Ebola huko Kikwit mwaka 1995, vifo vilikuwa asilimia 35, na kwa REGN-EB3 chini kidogo ya hapo. Bila kura ile, tungeendelea kutundika chupa za ZMapp kwa imani.

Kwa nini kima na mtu wanatofautiana? Maabarani mtafiti ndiye anayeingiza virusi, kwa hiyo siku anaijua. Mgonjwa wa Katwa huanza na homa, ananunua dawa ya malaria, anazunguka vituo vya mtaani, na anafika akiwa amezidiwa. Katika PALM kila siku ya kuchelewa iliongeza uwezekano wa kufa.

Ndiyo maana nasita ninaposikia kwamba dawa fulani imelinda ubongo wa panya dhidi ya mtikisiko mdogo wa kichwa. Panya yule uzito uliomwangukia umepimwa, dakika ya sindano imeandikwa, na pengine dawa ilitangulia kipigo. Motari, dereva wa bodaboda, aliyeteleza kwenye tope la Butembo hujipangusa, humfikisha abiria wake, na huenda zahanati siku ya tatu kichwa kinapogoma. Nani atamwahi na sindano? Hata kwa majeraha mazito zaidi ya kichwa, homoni ya projesteroni, iliyosifika kwa panya, haikuonyesha faida katika majaribio mawili makubwa ya mwaka 2014. Steroidi zilitumika kwa majeraha hayo kwa miongo ya miaka hadi jaribio la CRASH, lenye watu zaidi ya 10,000, lilipoonyesha mwaka 2004 kwamba zinaongeza vifo.

Wapo waliosema wakazi wa Beni wamegeuzwa panya wa maabara. Sipuuzi kilio hicho. Mji ambao raia wake wamekuwa wakichinjwa tangu 2014 una haki ya kuuliza kwa nini magari ya Riposte, kikosi cha kupambana na Ebola, yalifika haraka kuliko ulinzi. Lakini katika PALM hakuna aliyeachwa bila dawa, na kura ndiyo iliyookoa waliofuata.

Kinachoniuma ni kilichofuata. Dawa mbili zilizoshinda ziliidhinishwa Marekani mwaka 2020, na baadaye shirika la Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) likalalamika kwamba sehemu kubwa ya dozi imefungiwa katika akiba ya nchi hiyo. Kwa hiyo dawa ya mtikisiko wa kichwa ikija kujaribiwa, ije Butembo, kwa wamotari wenyewe na kwa ucheleweshaji wao halisi. Ila bei, na idadi ya dozi zitakazobaki Kivu, viandikwe na kusainiwa kabla mgonjwa wa kwanza hajachomwa sindano.